Bridge Base Online: Uwanja wa Briji kwa Mchezaji Anayejali Jinsi Alama Zinavyohesabiwa

Mpenzi wa karata anayetaka kujifunza briji lakini hana watu wanne wa kukaa naye mezani huelekezwa, mara nyingi kuliko si mara nyingi, kwenye Bridge Base Online, ambayo wachezaji huifupisha kuwa BBO. Huduma hii iliasisiwa na Fred Gitelman, mchezaji kutoka Kanada, ikaanza mtandaoni mwaka 2001, na tangu 2018 imo mikononi mwa kampuni ya Kifaransa ya 52 Entertainment. Yamekwisha semwa mengi juu ya urahisi wake: inafunguka kwenye simu na kwenye kompyuta, kujiandikisha ni bure, na saa yoyote ya usiku kuna watu mezani. Sina ugomvi na hayo. Tathmini hii inahusu swali moja ambalo wasifiaji hulipita haraka, nalo ni kama huduma hii inamsaidia mchezaji kujua kwamba karata zilezile zinataka mnada tofauti kila namna ya kuhesabu alama inapobadilika.

Msomaji aliyezoea karata za barazani anafahamu turufu, anafahamu kucheza wawili kwa wawili, na anafahamu kula mzunguko. Briji inaongeza juu yake mnada: kabla ya karata ya kwanza kuchezwa, pande mbili hushindana kutaja zitakula mizunguko mingapi kati ya 13, na kwa turufu ipi au bila turufu kabisa. Namba inayotajwa ni ya mizunguko inayozidi sita, hivyo tatu ni mizunguko tisa. Anayetaja juu zaidi anapata mkataba, na akishindwa kuutimiza wapinzani ndio wanaoandikiwa alama. Mkataba wenye thamani ya alama 100 au zaidi huitwa gemu na una zawadi yake, alama 300 kwa upande usio hatarini na 500 kwa upande ulio hatarini. Mkataba mdogo zaidi ya huo unapata zawadi ya 50 tu. Hali ya kuwa hatarini hutangazwa kwa kila ugawaji kabla ya mnada, na humaanisha kwamba zawadi zinapanda pamoja na adhabu. Hesabu ya msingi inaishia hapo. Kinachobadilika ni yale yanayofanyiwa alama hizo baadaye, na hapo ndipo BBO inapokupa chaguo tatu unapofungua meza: IMP, mechipointi, au jumla ya pointi.

Katika mechipointi, alama zako zinalinganishwa na za kila meza nyingine iliyocheza karata hizohizo. Ukiwazidi kwa alama 10 umewashinda. Ukiwazidi kwa 1,000 umewashinda vilevile, bila nyongeza. Katika IMP, tofauti ya alama kati yako na meza nyingine inapitishwa kwenye jedwali linalobana tofauti kubwa: tofauti ya 20 hadi 40 ni IMP 1, ya 430 hadi 490 ni IMP 10, ya 750 hadi 890 ni IMP 13, na kuanzia 4,000 kwenda juu ni IMP 24, ambazo ndizo za mwisho. Mashindano makubwa ya timu, likiwamo Bermuda Bowl lililoanza mwaka 1950, huamuliwa kwa IMP. Vilabu vingi vya kila wiki, ambako watu huenda wawili wawili, hutumia mechipointi. Kwa hiyo mtu anaweza kucheza miaka mingi klabuni, akajijengea mazoea mazuri kabisa, kisha akaalikwa kwenye timu akaanza kuwapotezea wenzake alama kwa mazoea yaleyale.

Nitatoa mkono mmoja, kwa kuwa bila mkono maneno haya hayashiki. Mwenzako amefungua mnada kwa moja bila turufu, maana yake ana pointi za karata 15 hadi 17, ree ikihesabiwa 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Wewe unashika shupaza za mfalme, 7 na 4. Kopa za 6 na 3. Uru za ree, ghulamu, 9, 5 na 2. Na pau za 8, 6 na 4. Una pointi nane na urefu wa uru tano. Mkiunganisha mna kati ya 23 na 25, na tatu bila turufu kwa kawaida huhitaji karibu 25. Upande wenu uko hatarini. Je, unadi gemu?

Kwa IMP, hesabu yake iko wazi. Mkinadi tatu bila turufu na mkafika, mnapata 600, na meza iliyosimama chini ikala mizunguko tisa hiyohiyo inapata 150. Tofauti ni 450, yaani IMP 10 kwenu. Mkianguka kwa mzunguko mmoja mnapoteza 100, na waliosimama kwenye mbili wanapata 120. Tofauti ni 220, yaani IMP 6 kwao. Mnahatarisha sita ili kupata kumi, na hivyo gemu yenye nafasi ya kufaulu inayozidi kidogo asilimia 37 tayari inalipa. Mngekuwa nje ya hatari, faida ingekuwa 6 dhidi ya hasara ya 5, na kizingiti kingepanda hadi asilimia 45 hivi. Kwa mechipointi hakuna cha 10 wala cha 6: kila mlinganisho ni kushinda au kushindwa, kwa hiyo kizingiti ni asilimia 50, uwe hatarini au usiwe. Mkono ule wa uru tano, kwa IMP na mkiwa hatarini, unastahili kupanda moja kwa moja hadi tatu. Kwa mechipointi ni halali kabisa kumwalika mwenzako na kumwachia uamuzi, na asiye na pointi 17, au 16 nzuri, atasimama bila kujutia lolote.

Sasa turudi kwenye huduma yenyewe. Jambo ambalo BBO inalifanya vizuri kuliko yote ni ukurasa wa matokeo. Mkono ukiisha unaweza kufungua orodha ya meza nyingine zilizocheza karata hizohizo, ukaona mstari kwa mstari ni mkataba gani ulifikiwa kila meza, ulifaulu au ulianguka kwa mizunguko mingapi, ukaleta alama ngapi, na alama hizo ziligeuka kuwa asilimia ngapi au IMP ngapi. Ukigusa mstari, unaonyeshwa mnada wa meza ile na uchezaji wake, karata kwa karata. Hakuna mwalimu anayeweza kushindana na ukurasa huo. Mchezaji aliyenadi tano za uru nje ya hatari, akatimiza na kupata 400, anaona kwa macho yake kwamba katika mechipointi amezikwa chini ya safu nzima ya watu waliocheza tatu bila turufu wakala mizunguko kumi na kupata 430. Akiuangalia mkono wa aina hiyo kwenye meza ya IMP, ataona kwamba tofauti ileile ya 30 imemgharimu IMP 1 tu, ilhali meza moja iliyojasiri tatu bila turufu bila kizuizi cha pau, yaani karata ya juu ya kuwakatiza wapinzani wanaokula pau mfululizo, ikaanguka kwa mmoja imepoteza IMP 10. Mbili za shupaza zinazoleta 110 zinashindwa na moja bila turufu iliyokula mizunguko minane na kuleta 120. Kwa mechipointi hilo ni jambo zito, kwa IMP halifiki hata nusu ya habari, kwani tofauti ya 10 ni sifuri.

Ukurasa huo una kasoro moja ambayo mtumiaji makini lazima aizoee. Unakuonyesha namba lakini haukuelezi kwa nini. Anayeanza anaona IMP hasi 6 nyekundu, anadhani amenadi ovyo, kumbe alichukua gemu ya asilimia 42 akiwa hatarini na karata zikakaa vibaya. Kwa IMP huo ulikuwa uamuzi sahihi uliokosa bahati. Laiti kungekuwa na mstari mmoja tu wa kuonyesha kizingiti cha gemu au cha slemu (mkataba wa mizunguko 12 au yote 13) katika aina ya alama iliyochaguliwa, huduma ingekuwa imekamilika. Kwa sasa inabidi uje na hesabu zako mfukoni.

Jambo la pili la kuangalia ni jinsi meza za kawaida za IMP zinavyokokotoa. Meza yako hailinganishwi na meza moja kama katika mechi ya timu, bali na kila meza nyingine, kisha wastani unachukuliwa. Chukulia kuna meza kumi. Wewe na mwenzako mmepata 620 kwa nne za shupaza. Mahali fulani, watu wa upande wenu wamepanda hadi saba, wakapigwa dabo (tangazo la mpinzani linalokuza adhabu mkataba ukianguka na alama ukifaulu), wakaanguka kwa mizunguko minne na kutoa 1,100. Tofauti na ninyi ni 1,720, yaani IMP 17, na zikigawanywa kwa milinganisho tisa mnajikuta na karibu IMP 2 ambazo hamkuzifanyia kazi. Katika mechipointi wendawazimu ule ungekuwa ni mlinganisho mmoja mlioushinda, sawa na kumshinda mtu kwa alama 10. Kwa sababu hiyo nawashauri wanaotumia meza za wazi za IMP wasitazame jumla ya usiku mmoja kana kwamba ni cheti. Waangalie mkono mmoja mmoja, na wapuuze mstari wa mwisho kabisa wa orodha.

Roboti za BBO zinastahili aya yake. Zinatokana na programu ya GIB, iliyotungwa na Mmarekani Matthew Ginsberg na iliyowahi kuwa bingwa wa dunia wa briji ya kompyuta mwaka 1998. Ukicheza nazo, kila tangazo la mnada linaweza kuguswa likakupa maelezo: pointi ngapi, urefu gani wa karata, unaalikwa au unalazimishwa kuendelea. Kwa kujifunza lugha ya mnada, sijaona kitu chenye subira kama hicho. Lakini maelezo hayo ni yaleyale, ukiwa kwenye shindano la mechipointi au la IMP. Mwaliko wa roboti una kipimo kilekile, na mabadiliko yote ya mkakati yanabaki juu yako wewe uliye mtu. Isitoshe, mashindano mengi ya roboti hukupa wewe mkono wenye pointi nyingi kuliko wengine wote, au angalau unaolingana na ulio mzuri zaidi. Inapendeza, kwa maana hakuna anayefurahia kushika pointi nne usiku kucha, lakini inakunyima sehemu nzima ya mchezo ambako tofauti ya alama ni kali zaidi: kushindania mkataba mdogo ukiwa na karata za kawaida, na kuamua lini kupiga dabo.

Hapo kwenye dabo ndipo mazoea ya klabu na mazoea ya timu yanapoachana kabisa, na ningependa msomaji apatazame kwa makini. Ninyi mmenadi mbili za shupaza, mkataba ambao ungewaletea 110. Wapinzani, walio hatarini, wanapanda hadi tatu za kopa. Mnahisi wataanguka kwa mzunguko mmoja. Mkiwaacha, mtapata 100, ambayo katika mechipointi ni chini ya 110 za kila meza iliyoachiwa shupaza. Mmefanya kazi nzuri ya ulinzi na bado mko chini. Mkipiga dabo mnapata 200, na 200 inazidi karibu kila mkataba mdogo ambao upande wenu ungeweza kucheza. Ndiyo sababu wachezaji wa mechipointi wanaogopa hasi 200 kuliko hasi 600: hasi 600 huwa ya watu wengi, hasi 200 mara nyingi ni yako peke yako. Kwa hiyo dabo inapigwa, hata kama mara moja moja wapinzani watafika, kwa sababu wakifika unapoteza mkono mmoja tu ambao huenda ulikuwa umeshaharibika.

Leta mkono huohuo kwenye IMP. Dabo ikifanya kazi unaongeza 100 juu ya ile 100 uliyokuwa nayo, yaani IMP 3. Isipofanya kazi, tatu za kopa zenye dabo zinawapa wapinzani 730 badala ya 140. Tofauti ni 590, yaani IMP 11. Unahatarisha 11 ili kupata 3. Inabidi uwe na uhakika wa takriban asilimia 79, na uhakika huo ni adimu sana mezani. Mchezaji wa timu anayepiga dabo ya namna hiyo kwa sababu tu alizoea klabuni anampa mpinzani gemu ambayo mpinzani mwenyewe hakuinadi.

Kujitoa mhanga, yaani kunadi mkataba mnaojua utaanguka ili mpoteze kidogo kuliko gemu ya wapinzani, nako kunageuka. Wapinzani walio hatarini wananadi nne za shupaza. Ninyi, mkiwa nje ya hatari, mnaona kwamba tano za pau zenye dabo zitaanguka kwa mitatu na kuwagharimu 500. Katika mechipointi, 500 ni pungufu ya 620, na ikiwa ukumbi mzima unatoa 620 basi nyinyi mmewashinda karibu wote. Katika IMP mmeokoa 120, ambazo ni IMP 3 tu, na ikiwa nne za shupaza zilikuwa zianguke kwa mmoja mmegeuza faida ya 100 kuwa hasara ya 500 na kutupa IMP 12. Nimeona meza za IMP humo zikijaa mihanga ya aina hii, na nadhani chanzo chake ni kwamba watu huhamia kutoka shindano moja hadi jingine kwa mguso mmoja wa kidole, bila kutazama herufi ndogo zinazoonyesha ni alama gani zinazotumika. BBO inaziandika herufi hizo. Ningependa ziandikwe kubwa zaidi.

Slemu nazitaja kwa kifupi, kwa kuwa hapo tofauti si kubwa kama wengi wanavyodhani. Slemu ndogo, ya mizunguko 12, inahitaji nafasi ya asilimia 50 katika IMP, uwe hatarini au usiwe. Hatarini unashinda au kupoteza IMP 13, nje ya hatari IMP 11. Slemu kuu ya mizunguko yote 13 inataka zaidi, kama asilimia 57 mkiwa hatarini, na hiyo ni kwa kudhani kwamba meza nyingine imefika angalau slemu ndogo. Katika meza za wazi za BBO dhana hiyo haisimami sana. Wengi huishia kwenye gemu, na kwa hiyo slemu ndogo iliyonadiwa vizuri tayari inakupa alama za kutosha. Kuisukuma hadi 13 kwa ajili ya alama za ziada ni tamaa isiyo na kazi, katika mechipointi na katika IMP pia.

Kuhusu gharama, mchezo wa msingi ni bure: kukaa mezani na watu, kutazama meza za wengine, kufungua kumbukumbu zako za mikono iliyopita. Mashindano yapo ya bure na yapo ya kulipia, na malipo hufanywa kwa sarafu ya ndani ambayo kila moja ni sawa na dola moja ya Marekani. Mwaka 2020, vilabu vilipofungwa kwa ajili ya korona, vingi vilihamishia michezo yake humo, na mashindano ya kulipia yenye alama rasmi za vyama yakawa mengi. Kwa anayejifunza kubadili mnada kulingana na alama, sioni ulazima wa kulipa mapema. Mtandao wa simu wa kawaida unatosha, kwa kuwa karata ni data ndogo. Kinachokera ni kukatika katikati ya mnada, maana wenzako watatu wanakungoja.

Kwa jumla ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano inazuiwa na ukimya wa ukurasa wa matokeo na roboti zinazonadi vilevile kila mahali. Anayejiandaa kwa mechi za timu atafute mwenza mmoja wa kudumu, wafungue meza ya IMP pamoja, na baada ya kila kipindi wapitie mikono ile tu ambayo walipata au walipoteza IMP 5 na kuendelea. Iliyobaki haina mafunzo mengi. Anayecheza klabuni kwa mechipointi afanye kinyume chake: apitie mikono ya mikataba midogo, ambako 110 na 120 zinatenganisha watu, na aangalie ni meza zipi zilipiga dabo na zipi zilinyamaza. Chaguo la tatu, la jumla ya pointi, linafaa kwa mazungumzo na marafiki, lakini lisichukuliwe kuwa ni briji ya raba ya zamani. Katika raba, mkataba mdogo unabaki umeandikwa na kuhesabiwa kuelekea gemu, kiasi kwamba mwenye 60 tayari anamaliza gemu kwa moja bila turufu tu, na mnada mzima wa pande zote mbili hubadilika kwa ajili ya 60 hizo. Kwenye meza ya jumla ya pointi kila ugawaji unaanza upya, na anayetaka raba halisi bado atahitaji watu wanne, pakiti mbili za karata na kalamu.